Fundi Nosrat na Mdomo wa Mkewe

Hebu mwone kwanza anavyofika. Anapanda ngazi za jengo jipya karibu na mzunguko mkubwa wa mji wa Hamadan, hatua mbili nyuma ya mkewe, kofia mkononi, na kila akifika kwenye kona ya ngazi anasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Ungedhani anakwenda kuposa. Lakini ule uso, ndugu yangu, ni uso wa mtu anayepelekwa kushuhudia mkewe akiolewa na mwingine.

"Fundi Nosrat, tembea basi," mkewe anamwambia bila kugeuka. "Au magoti nayo yanataka kung'olewa?"

Juu kuna mlango wa kioo, na kwenye kioo jina la Daktari Pirasteh, bingwa wa kupandikiza meno. Nosrat analisoma jina lile muda mrefu kuliko linavyohitaji. Yeye naye alikuwa na kibao chake kwa miaka mingi, kibao cha bati kilichochorwa mdomo mwekundu na meno meupe makubwa kama ya farasi, na chini yake neno moja tu: MENO. Jina lake hakuliandika. Ukiwa Hamadan nawe huna meno, ulijua pa kwenda.

Chuo hakusomea. Alijifunza kwa Muarmeni mmoja mzee, Fundi Hagop, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la washona ngozi. Alianza kwa kufagia unga wa plasta, akaja kuyeyusha nta, mwisho akawa anayapanga meno mwenyewe, moja moja, kama mtu anayepanga watu wa kupiga picha ya harusi. Serikali baadaye iliwapa watu kama yeye kibali, watengeneze meno ya bandia, wasishike patasi wala sindano. Nosrat hakudai zaidi ya hapo. Alipoalikwa harusini alikuwa haangalii wali wala nyama. Aliangalia midomo. "Yule wangu," alimnong'oneza mkewe. "Yule pia. Yule anayetafuna mfupa, unamwona? Wangu." Na mkewe akimkanyaga mguu chini ya meza.

Katika midomo yote ya Hamadan, hata hivyo, mmoja ndio uliokuwa roho yake. Mdomo wa mkewe, Monavar.

Monavar ni binti wa muuza duka la sukari na chai sokoni. Siku Nosrat alipokwenda kwao na wazazi wake kuposa, msichana alileta sinia la chai kama ilivyo desturi, na mama yake akamwambia naye akae anywe. Huko kwetu sukari haikorogwi kikombeni. Unachukua kibonge kigumu, unakishika kwa meno ya mbele, ndipo unavuta chai ipite katikati yake. Monavar alikishika kibonge chake. Katikati ya meno yake mawili ya juu palikuwa na mwanya mdogo, na kibonge kikakaa pale kama mgeni aliyewekewa kiti chake. Nosrat aliliona hilo, na habari yake ikaishia hapo. Alipoulizwa baadaye na mama yake kama binti ana macho ya rangi gani, hakujua.

Kisha wakaja watoto, na baada ya watoto ukaja ugonjwa wa fizi. Monavar hajafika miaka arobaini, meno yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, kama wageni wanaoaga mapema. Akawa anazungumza na ncha ya ushungi mdomoni. Lilipotoka la mwisho, Nosrat alijifungia dukani akawaambia wateja kwamba ana mafua. Seti aliyotoka nayo ilikuwa na mwanya. Ule ule, mahali pale pale, upana ule ule. Monavar alijitazama kwenye kioo mpaka Nosrat akaogopa. Halafu mke akasema, "Chai iko wapi?"

Siku ile Nosrat alichukua ile pia nyeupe, donge la sukari ngumu lenye ncha, iliyotoka duka la mkwewe, akaivunja kwa kijinyundo, akachagua kibonge akakiweka katika kiganja cha mkewe. Tangu hapo haikupita jioni asifanye hivyo. Samawari inachemka, Monavar ananyoosha kiganja bila kuangalia, Nosrat anaweka. Hata walipogombana waligombana kwa maneno tu. Kiganja kilinyooshwa, na sukari ikawekwa.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ni lazima ulijue ndipo umwelewe mzee huyu. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwona Monavar bila meno, isipokuwa Nosrat. Hata binti yao, Golnar, hajawahi. Meno yalitoka taa ikishazimwa, yakaingia katika bilauri iliyofunikwa kitambaa. Katika nyumba ile, mdomo ule mtupu ndio uliokuwa faragha yao kubwa. Nosrat aliujua kama unavyoujua ufunguo wa mlango wako gizani.

Sasa turudi kliniki.

Daktari Pirasteh alikuwa kijana wa kama umri wa Golnar, mpole, mikono misafi hata ukiitazama kwa chuki. Alimkalisha Monavar kwenye kiti, akawasha taa kubwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba tiketi ya basi, "Mama yangu, toa meno tafadhali nikuone."

Nosrat alisimama. Alisimama tu, bila kujua anataka kufanya nini. Alidhani mkewe atageuka amtazame, aone aibu, aseme hapana, twende nyumbani. Monavar akatia vidole mdomoni, akatoa ya juu, akatoa ya chini, akayaweka katika kibakuli cha chuma. Kwang. Kwang. Chini ya taa ile, mbele ya kijana yule na msichana anayemshikia vifaa, akafunua mdomo.

"Mume wangu hasimami kwa ajili ya kuondoka, daktari," alisema Monavar, maneno yakitoka laini bila meno. "Ni mgongo."

Daktari alimchunguza kwa muda, akabonyeza huku na huku. Akaichukua seti ya chini, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii nani ameitengeneza?"

"Mimi," akasema Nosrat, kwa sauti ya mtu anayekubali kosa mahakamani.

"Mkono mzuri, Fundi. Kweli." Na hakuwa anatania, hilo ndilo lililomuuma zaidi Nosrat. "Shida si meno. Shida ni mfupa. Meno yakishaondoka, mfupa wa taya unaliwa mwaka hata mwaka. Wa mama umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Hata ungemchongea kwa dhahabu, yangeelea."

Akaeleza dawa yake. Angetia skrubu nne ndogo za titani kwenye mfupa wa taya ya chini, upande wa mbele ambako mfupa bado upo, azifunike kwa fizi, wangoje miezi. "Mfupa utazishika wenyewe. Umeona mti uliofungiwa waya ukiwa mdogo, ukikua unaumeza waya mpaka huwezi kuutoa? Ndivyo hivyo. Zikishashikwa, tunafunga meno juu yake. Hayatoki tena. Mama atakula tufaha zima."

"Tufaha zima," Monavar akarudia, na Nosrat hakuwahi kusikia matunda yakitajwa kwa mapenzi namna ile.

Usimhukumu mama huyo. Sababu anayo. Seti ya chini ilikuwa inaelea kweli. Nosrat aliiongezea unene ndani mara kwa mara, akaijaza huku, akaikwangua kule, akampa unga wa kuigandisha, na kila mwaka ilizidi kuwa mbaya. Kwenye sherehe ya uchumba wa mpwa wao, mtu alitoa kichekesho, Monavar akacheka, na meno ya chini yakaruka mpaka kwenye bakuli la mtindi na matango, naye akauziba mdomo kwa ushungi kabla hawajauona. Watoto walicheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo alikula jikoni peke yake, mkate umelowekwa kwenye mchuzi, na alicheka kwa mkono mdomoni. Golnar, anayefundisha Tehran, alipokuja likizo akamkuta mama yake kaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akasema, "Mama, siku hizi meno yanapandwa."

"Kupandwa?" Nosrat aliuliza. "Vitunguu hivyo?"

"Baba, mimi nimeshazungumza na daktari."

Jambo likaisha hivyo. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya upasuaji Nosrat alikaa chumba cha kungojea, akisikia sauti ya mashine ndogo kupitia ukutani. Alijua sauti zote za kazi ya meno, lakini ile ilikuwa ngeni. Monavar alitoka uso umevimba upande, macho yakicheka. Na meno ya chini yamo mdomoni, lakini Nosrat alitambua palepale kwamba yameguswa. Daktari alikuwa amechimba upande wa chini wa seti na kutia utando laini wa mpira, ili yasizikandamize skrubu wakati zinangoja kushikwa.

"Ametia tindo kwenye kazi yangu," Nosrat alisema njiani.

"Ametia mto," Monavar alimjibu kwa mdomo mzito. "Ni laini, Baba Golnar. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hayanichomi."

Hebu fikiri neno hilo linavyoingia. Miaka yote ile yalikuwa yanamchoma, na hakuwahi kusema.

Yakaanza maisha ya "daktari amesema." Daktari amesema supu isiwe ya moto. Daktari amesema asilale kifudifudi. Daktari amesema nyama ipondwe, iwe kama uji, na ikipondwa ipondwe tena. Na agizo kubwa kuliko yote: asiume kitu kigumu kwa meno ya mbele, kwa sababu skrubu ziko hapo hapo chini yake, na zikitikiswa kabla hazijashikwa, hazitashikwa tena. "Na ile sukari yenu ya kuuma, mama, ikae kando mpaka nitakapokwambia. Najua wazee wa Hamadan. Ile hasa."

Jioni ile samawari ilichemka, chai ikamiminwa, na Monavar akakorogea sukari ya unga kikombeni kwa kijiko, kama mgeni. Kiganja hakikunyooshwa. Nosrat alikaa na kibonge mkononi mpaka kikaanza kuloa kwa jasho.

Jirani yake mtaani, Sefatollah kinyozi, hakumpa nafuu. "Fundi, nasikia mama kahamia kwa mwingine."

"Kahamia nini?"

"Kahamia mdomo!" Na duka zima la kinyozi likacheka, wateja na sabuni zao usoni. "Usiogope, kucha atakuachia. Viatu atakuachia. Lakini mdomo, Fundi, mdomo umekwenda."

"Nyoa ndevu za watu, wewe."

"Ninanyoa. Na zako nitazinyoa bure. Mtu aliyeachwa lazima apendeze."

Alicheka kidogo ili wasione ameumia, akatoka. Lakini maneno yalimfuata nyumbani kama paka. Akaanza kuona mambo. Monavar akienda kliniki, anavaa ule ushungi wa maua madogo, si ule wa kila siku. Anajipaka maji ya waridi nyuma ya masikio. Siku moja akamkuta jikoni anaoka komaji, vile vitumbua vyetu vya asali na manjano, jambo ambalo hakulifanya tangu Nouruzi iliyopita, mwaka mpya wetu, na alipotaka kuchukua kimoja akapigwa kwenye mkono.

"Hivyo ni vya daktari. Vyako ni hivi vilivyovunjika."

Akala vilivyovunjika. Vilikuwa vitamu sana, na hilo nalo likamkera.

Na siku waliyoulizia gharama ya kusafisha mshono, daktari aliweka mkono kifuani akasema, "Si kitu, mama, ni wako mwenyewe." Sasa, kila mtu wa Hamadan anajua neno hilo ni adabu tu ya kujifanya hutaki pesa. Muuza vitunguu anakwambia hivyo, dereva wa teksi anakwambia hivyo, na usipolipa atakukimbilia mtaa mzima. Nosrat mwenyewe aliwaambia wateja wake hivyo maisha yake yote. Lakini siku ile hakutaka kulijua. Alilibeba nyumbani kama ushahidi. Ni wako mwenyewe. Wa nani?

Baridi ikaja, theluji ikashuka kutoka Mlima Alvand mpaka kwenye vizingiti. Jioni moja walikaa sakafuni kando ya jiko la mafuta, blanketi magotini, chai mbele yao. Monavar alikuwa amechangamka.

"Daktari amesema zinakwenda vizuri. Amesema nikisikia chochote nimpigie simu hata nyumbani kwake, hata siku ya mapumziko. Kijana mzuri yule. Mkono wake hauna uzito. Unajua, sikusikia hata aliponi..."

Nosrat alikuwa amekwisha kuchukua kijinyundo. Aliivunja pia ya sukari kwa pigo moja, na katika vipande vile akachagua cha ncha. Wewe huenda hujui, lakini aliyezaliwa dukani anajua: pia ya sukari inagandishwa kichwa chini, na ncha yake ndiyo ngumu kuliko sehemu zote. Ile watu huiweka jikoni kwa kupikia au kuwapa wapwa wenye meno mapya. Nosrat akainyoosha.

"Leo moja tu," akasema. "Moja haina neno."

Monavar aliitazama ile sukari. Akamtazama mumewe. Kiganja chake kilifunguka polepole kama mlango usiotiwa mafuta, na Nosrat akaiweka pale. Akaishika muda kidogo, akiigeuza kwa vidole, kana kwamba anangoja chai ipoe, ingawa chai ilikuwa imeshapoa. Kisha akaitia mdomoni, katikati ya mwanya, akauma. Ka! Akavuta chai.

Nitakwambia ukweli kuhusu Nosrat, na usimchukie haraka. Moyo wake uliruka. Siku zile zote alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, na sasa kitasa kimegeuka. Mwanya ule ulikuwa wake. Sukari ile ilikuwa yake. Daktari alisema hapana, naye alisema ndiyo, na mke alimsikiliza yeye.

Kesho yake akafanya tena. Na kesho yake. Kila jioni alijiambia kwamba atachagua kibonge laini, cha chini ya pia, na kila jioni mkono ulikwenda kwenye kile kigumu. Kila jioni Monavar alikishika kidogo, akakigeuza, akamtazama, ndipo akauma. Hakusema neno. Nosrat aliona ule ukimya ni mapenzi. Na ndani kabisa, mahali ambapo hata yeye hakupenda kuchungulia, palikuwa na kitu kingine kikikaa kwenye kigoda kikingoja. Kilikuwa kinatumaini kwamba skrubu hazitashika. Kwamba kijana yule mwenye mikono misafi ataweka mkono kifuani na kusema nimeshindwa, mama, mrudie mumeo.

Basi hakikungoja sana. Kabla ya Nouruzi, Monavar alianza kula upande mmoja. Akaacha kuongea jioni. Nosrat akamwona akisimama mbele ya sinki, akijibonyeza chini ya mdomo, uso umekunjwa.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Nimpigie daktari?" Na aliposikia sauti yake ikisema hivyo, kile kilichokuwa kikingoja kwenye kigoda kilisimama kikakimbia, kikamwacha peke yake na alichokifanya.

Walikwenda asubuhi. Safari hii Nosrat alipanda ngazi mbele, akimshika mkono. Monavar aliketi, akatoa meno bila kuambiwa. Daktari akawasha taa, akafungua fizi mahali padogo, akagusa. Nosrat alisimama karibu na mlango na akaona mwenyewe. Skrubu tatu zilikuwa zimekaa kimya kama misumari kwenye mbao. Ya nne, ile ya mbele kabisa, kwa kuguswa kidogo ikazunguka. Ilizunguka kwa urahisi, kama kitasa cha nyumba isiyo na mtu.

Daktari akaitoa kwa koleo ndogo, akaiweka katika kile kibakuli cha chuma. Kwang.

"Mama yangu," akasema taratibu, "nakuuliza si kwa kukulaumu. Ulikuwa unauma kitu kigumu? Karanga? Mkate wa jana? Sukari?"

Nosrat alifungua mdomo. Ninaamini alitaka kusema. Lakini Monavar, bila meno, na damu kidogo pembeni mwa mdomo, alikuwa amekwisha kujibu.

"Hapana, daktari. Sijauma kitu. Mume wangu hunikwangulia hata tufaha kwa kijiko."

Daktari alimgeukia Nosrat, na katika macho yake hakukuwa na shaka yoyote, ila heshima tu. "Basi ni bahati mbaya. Hutokea. Tatu zimeshika vizuri sana. Tutangoja pale papone, turudie ile moja, na kama mfupa haukutaka, tutafanya na tatu." Akavua glavu. "Halafu, Fundi, nilitaka nikuombe jambo. Meno ya chini yakiwa imara, ya juu itabidi yawe mapya, yaendane nayo. Maabara ninayotumia Tehran watampangia meno yaliyonyooka kama ukuta. Yule hatakuwa mama. Njoo uyapange wewe, kwa mkono wako. Mimi nitashughulika na mfupa, na ule mwanya nimwachie nani?"

Nosrat aliinamisha kichwa, na daktari akadhani ni ndiyo.

Walirudi kwa miguu, theluji ikiyeyuka kwenye mifereji. Monavar, meno yamo mkobani, alijifunika mdomo kwa ncha ya ushungi, kama enzi zile. Walipita dukani kwa Sefatollah, naye akatoka na wembe mkononi tayari kwa maneno, akawaona, akarudi ndani bila kusema lolote.

Nyumbani Monavar hakulala. Alivua viatu, akawasha samawari, akatandika kitambaa, akatoa bilauri mbili, kama jioni yoyote. Nosrat alikaa mahali pake. Pia mpya ya sukari ilikuwa mbele yake, na kijinyundo, na pembeni kopo la sukari ya unga.

"Mama Golnar," akaanza, "mimi..."

"Mimi ni binti wa nani?" Monavar alimkata.

"Wa hayati baba yako."

"Aliuza nini?"

Nosrat aliitazama pia ya sukari.

"Nimevunja pia za sukari kabla sijajua kusuka nywele. Ulidhani siwezi kuijua ncha? Niliijua usiku ule wa kwanza, kabla haijafika kiganjani." Hakupandisha sauti. Alikuwa anamimina chai, na chai haikumwagika. "Kila jioni niliishika kwanza. Hukuona? Niliishika, nikakutazama. Nilikuwa nangoja uninyang'anye."

Jiko lilinguruma. Nje, theluji ilianguka kutoka paani kwa mkupuo, ikapiga ua.

"Mbona ulimwambia uongo?" Nosrat aliuliza. "Mbona hukumwambia yule kijana?"

"Ningemwambiaje? Kwamba mume wangu ana wivu na skrubu?"

Pembe ya mdomo wake ilisogea. Huenda alikuwa karibu kucheka, huenda karibu kulia. Bila meno, hata Nosrat, aliyeujua mdomo ule gizani, hakuweza kutambua ni lipi. Na kwa mara ya kwanza tangu meno yake ya asili yalipotoka, Monavar alikuwa ameketi mbele ya chai, taa inawaka, mdomo mtupu, na hakuuficha.

Akasukuma bilauri ya mumewe mbele yake. Akachukua yake. Kisha, bila kuangalia, kama jioni zote za maisha yao, akanyoosha kiganja.

Nosrat alikitazama. Pia ya sukari ilikuwa kushoto kwake, kopo la unga kulia, na mikono yake mwenyewe katikati, imetulia magotini, haijui iende wapi. Kiganja kilibaki pale, wazi, hakitetemeki, hakirudi.

Sasa wewe uliyekaa nami mpaka hapa, uliye na meno au usiye nayo, niambie: kiganja kile kilikuwa kinaomba nini?